Aliyelala Akaamka Mchovu

Miongoni mwa madai ambayo mwili wa mwanadamu humtolea mwenyewe kila siku, mawili yamefanana mno hata watu wengi, na baadhi ya matabibu pamoja nao, huyapokea kama dai moja: dai la usingizi na dai la uchovu. Yote mawili hulegeza maungo, yote mawili huyafanya maneno kuwa machache na hatua kuwa fupi, na yote mawili hujibiwa na jamaa kwa nasaha ile ile, kwamba nenda kalale. Lakini usingizi ni haja ya kulala, kama kiu ilivyo haja ya maji, na alama yake ni kwamba mwenye nao akipewa nafasi hulala; ilhali uchovu ni upungufu wa nguvu ya kutenda, nao waweza kukaa ndani ya mtu ambaye, hata akipewa kitanda, giza na kimya cha usiku wa manane, macho yake hubaki wazi yakitazama boriti za dari. Anayeyachanganya mawili haya humtibu mmoja kwa dawa ya mwingine, na dawa isipofaa, aghalabu lawama humwangukia mgonjwa.

Katika miaka ya 1970, kwenye Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Mary Carskadon na William Dement walibuni njia ya kuupima usingizi wa mchana ambayo mimi huiona kuwa ya insafu kubwa, kwa sababu haitegemei vile mtu anavyojieleza, ambavyo hubadilika kwa haya, kwa hofu na kwa mazoea, bali hutazama mwili wake ufanyavyo. Mtu hulazwa katika chumba chenye giza na utulivu mara 4 au 5 kwa siku, kila baada ya saa 2, akiwa amebandikwa kichwani nyuzi za kuandika mawimbi ya ubongo, naye huambiwa asiuzuie usingizi ukimjia. Zikipita dakika 20 hajalala, huinuliwa akaendelee na siku yake. Aliyetosheka na usingizi wa usiku huchukua dakika 10 na zaidi kabla ya kuzama, au hazami kabisa. Mwenye usingizi wa maradhi huzama kabla ya dakika 5 kutimia, mchana kweupe, hali ametoka kitandani asubuhi hiyo hiyo. Na walipopimwa kwa njia hiyo watu walalamikao kwamba usiku hawapati hata lepe la usingizi na mchana hujikokota, wengi wao hawakulala upesi. Walichelewa sawa na watu wa afya, na wengine waliwapita. Walikuwa wamechoka kweli, wala hawakuwa na usingizi. Mwili wa mtu wa namna hii huwa katika hadhari mchana na usiku, moyo wake ukipiga kwa haraka kupita inavyohitajiwa, na hadhari hiyo hiyo imnyimayo usingizi wa usiku ndiyo impingayo asilale adhuhuri, hata kama angetoa kila alichonacho apate nusu saa ya kusahau.

Namjua fundi cherehani mmoja wa Tanga, aketiye barazani mbele ya duka la vitambaa, ambaye hali yake ni kinyume cha hiyo. Mguu wake hukanyaga, gurudumu huzunguka, kitambaa cha kanzu hupita chini ya sindano. Kisha kidevu hushuka polepole hata kifuani, mkono wa kushoto ulioongoza kitambaa hulegea, na mshono uliokuwa umenyooka hupinda kuelekea pindoni, sindano ikiendelea kudunga kwa kuwa mguu haujapata habari ya kichwa. Baada ya pumzi tatu au nne hushtuka, hutupa jicho kushoto na kulia asije akawa ameonwa, huchukua wembe akaanza kufumua nyuzi. Ukimwuliza, husema amechoka. Lakini akiwa macho hubeba jora zima begani bila ya kuhema, na mikono yake haitetemeki wala haiombi kupumzishwa. Mkewe ndiye ajuaye zaidi, kwa sababu yeye ndiye akeshaye: usiku mumewe hukoroma kwa kishindo, mara mkoromo ukakatika, kimya kikadumu hata mke huinukia kiwiko amtazame kama yu hai, ndipo pumzi hurejea kwa mkwamo na kugutuka, na mkoromo ukaanza upya.

Maradhi hayo ni kuziba kwa njia ya pumzi kooni, misuli inapolegea kwa usingizi. Kila pumzi ikatikayo kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa. Mara 5 kwa saa ni mwanzo wa maradhi, na mara 30 kwa saa ni maradhi makali. Na mara nyingi ubongo humwamsha mwenyewe kwa kitambo kidogo asichokikumbuka asubuhi. Fundi wangu huapa kwamba alilala tangu Isha hata Alfajiri, naye ni mkweli kwa kadiri ya ujuzi wake, ila usiku wake umekatwa vipande vipande asivyoviona. Colin Sullivan wa Sydney alionyesha mwaka 1981 kwamba hewa isukumwayo puani kwa nguvu ya kiasi huiacha njia hiyo wazi mpaka kunapokucha, na tangu hapo mashine za namna hiyo zimewarudishia watu wengi sana usingizi usiokatika. Katika miji yetu mashine hiyo bado ni ghali, na mtu anayekoroma bado huchekwa, kana kwamba mkoromo ni ushahidi wa kulala fofofo. Jambo hili hunisikitisha kila nilisikiapo.

Nimetangulia na fundi huyu kwa kuwa usingizi wake waonekana kwa macho, lakini mambo hayawi sahali hivyo siku zote. Mwaka 2000 Ronald Chervin wa Michigan aliwauliza wagonjwa wa pumzi zikatikazo ni neno gani liwaelezalo zaidi, na waliotaja uchovu na ukosefu wa nguvu walikuwa wengi kuliko waliotaja usingizi. Kwa hiyo yupo mtu ambaye mzizi wa mushkeli wake umo katika usingizi uliovunjika, naye hasinzii mbele ya watu, bali hukaa mchana kutwa amenyong'onyea, asijue amshtaki nani. Tabibu anayengoja amwone akipiga miayo ndipo aulize habari za mkoromo atamwacha aende zake bila ya msaada.

Asili ya usingizi imefahamika vizuri kuliko asili ya uchovu. Alexander Borbély wa Zurich alieleza mwaka 1982 kwamba usingizi hutawaliwa na mambo mawili yaendayo sambamba: haja inayolimbikizana tangu mtu afumbuapo macho, na majira ya mwili ambayo huenda kwa mzunguko wake bila ya kujali kama haja hiyo imetimizwa. Miongoni mwa vinavyolimbikizana ni kemikali iitwayo adenosini, ambayo huzidi katika ubongo kadiri mtu anavyokaa macho na hupungua alalapo; na kahawa chungu inywewayo barazani baada ya Alasiri haiiondoi, huizuia tu isifike pahali pake pa kazi, hata nguvu ya kahawa ikiisha haja yote huwa ipo pale pale. Ama majira ya mwili, ithibati yake mojawapo ilitafutwa pangoni. Mwaka 1938 Nathaniel Kleitman na Bruce Richardson walikaa siku 32 ndani ya pango la Mammoth huko Kentucky, pasipo jua, wakijaribu kuishi kwa siku ya saa 28. Richardson, aliyekuwa kijana, aliizoea, na Kleitman hakuizoea kamwe, akaendelea kushikwa na usingizi kwa saa za ulimwengu aliouacha juu yake. Ndiyo maana mlinzi wa usiku, hata akiwa amelala mchana, husinzia saa kumi za alfajiri, na ndiyo maana aliyeamkia daku hupitiwa na usingizi kabla ya adhuhuri ya Ramadhani, bila ya yeyote kati yao kuwa na maradhi. Kwa usingizi wa namna hii, kulala kidogo adhuhuri kama walivyozoea wazee wa pwani huleta nafuu.

Uchovu hauna chanzo kimoja. Yapo mavune ya mkulima na ya mchukuzi wa bandarini, ambayo usiku mmoja huyafuta, na hayo hayana kadhia. Lakini upo uchovu wa damu kupungua, na wa malaria iliyokwisha kuondoka ikaacha mwili mtupu, na wa tezi ya shingo iliyozembea kazi yake, na wa kisukari, na wa kifua kikuu kabla hakijajidhihirisha kwa kikohozi, na wa huzuni kuu ambayo mwenyewe haiiti huzuni. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa watoto wanne, aliniruhusu niketi nyuma ya darasa lake asubuhi moja. Mstari wa kwanza aliuandika ubaoni usawa wa macho yake. Wa pili ulishuka hata kifua. Wa tatu aliuandika usawa wa kiuno, mkono wa kushoto ukiushika wa kulia kwenye kiwiko. Kisha akaiweka chaki, akageuka, akaendelea kwa imla, sauti ikiwa safi na macho yakiwa makavu. Hakupiga mwayo hata mmoja. Jioni, alinieleza, hujilaza kwa saa nzima akasikia kila mtu apitaye njiani, na usingizi haumjii. Alipokwenda kutafuta tiba aliandikiwa vidonge vya usingizi, navyo vilimlaza bila ya kumwinua. Akaamka kila siku na uzito wa vidonge juu ya uzito wake mwenyewe. Mwaka ulikaribia kwisha ndipo muuguzi mmoja, mwanamke mtu mzima, alipomvuta ukope wa chini kwa kidole gumba akaona weupe pale palipotakiwa wekundu, akamwuliza habari za hedhi yake, ambayo hakuna aliyewahi kuiuliza. Ilikuwa damu. Madini ya chuma yalimrudishia mkono wake katika miezi michache, na vidonge vile akavitupa.

Katika eneo letu hili la Afrika upo ugonjwa ambao jina lake lenyewe liliwapoteza watu njia. Malale, yaenezwayo na mbung'o, yalipozuka Busoga na visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria mwanzoni mwa karne ya 20, yaliangamiza watu zaidi ya 200,000 katika muda wa miaka isiyozidi ishirini, vijiji vizima vya pwani ya ziwa vikahamishwa kwa amri ya serikali. David Bruce aliutambua mwaka 1903 uhusiano wa vimelea vyake na mbung'o, na Robert Koch alipiga kambi Ssese kutoka mwaka 1906 mpaka 1907 akiwadunga wagonjwa atoksili, dawa ya aseniki ambayo iliwapofusha baadhi yao. Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba mgonjwa wa malale hulala kupita kiasi, kwa sababu alionekana amelala pasipo mahali pake, tonge mkononi, adhuhuri, katikati ya mazungumzo. Wataalamu waliokuja baadaye, wakaandika mawimbi ya ubongo usiku na mchana pasipo kukoma, waligundua kwamba jumla ya usingizi wake katika saa 24 haikuzidi ya mtu mwenye afya. Kilichoharibika ni mpangilio, usingizi ukatawanyika vipande vidogo vidogo juu ya siku nzima, na usiku mgonjwa akakesha. Juu ya kusinzia huko kulikuwako na uchovu wa homa na wa kukonda, ambao ni kitu kingine, wenye sababu nyingine. Katika mwili mmoja madai yale mawili yalisema kwa pamoja, na waliosimama kando ya kitanda walisikia moja tu. Fikiri ni wangapi, katika visiwa vile, walioshutumiwa kwa uvivu katika miezi ya mwanzo, kabla ya shingo kuvimba na akili kuchanganyika.

Sasa labaki lile lililo zito kupita yote, nalo ni usingizi usioburudisha: mtu hulala, na muda wake ni wa kutosha, na hakuamshwa na mtoto wala na mbu, hata hivyo hukucha akiwa alivyokuwa, au chini ya alivyokuwa. Sisemi habari ya ule uzito wa dakika chache baada ya kuamka, ambao kila mwenye afya anaujua na ambao maji ya udhu huuondoa. Nasema habari ya asubuhi ambayo haifunguki hata jua likapanda. Hapa ndipo usingizi na uchovu hukutana, kwani wale walio na maradhi ya pumzi huamka hivyo, na wenye hadhari isiyolala huamka hivyo, na wenye huzuni huamka hivyo, na wenye maumivu ya mwili mzima yasiyo na jeraha huamka hivyo. Harvey Moldofsky wa Toronto alionyesha mwaka 1975 jambo la kutia mazingatio: aliwachukua vijana wazima, akawasumbua kwa sauti kila walipofika katika usingizi mzito kabisa, pasipo kuwaamsha wakajua, na baada ya siku chache wakaanza kulalamika maungo kuuma na mwili kulegea, mfano wa wagonjwa wake wa maumivu ya misuli. Muda wa kulala haukuwa umepunguzwa sana. Kina chake ndicho kilichoibwa.

Na wapo ambao sababu haijapatikana hata kwa vyombo vyote hivyo. Mwaka 2015 jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilipoandika upya alama za ugonjwa wa uchovu usiokwisha, lilitaja tatu kuwa za lazima: kupungukiwa kwa miezi 6 au zaidi na uwezo wa kufanya yale mtu aliyokuwa akiyafanya, pamoja na uchovu usioondolewa na mapumziko, kuzidiwa na maradhi baada ya juhudi hata ndogo, pengine siku ya pili yake, na usingizi usioburudisha. Mtu wa namna hii akifua nguo leo hulipa kesho na kesho kutwa. Kumhimiza afanye mazoezi ajitie nguvu, nasaha ambayo humfaa mwingi wa huzuni na mwenye kisukari, kwake yaweza kuwa madhara yaliyo wazi. Nina yakini kwamba hapa ndipo ujuzi wetu ni mchache na maneno yetu ya kulaumu ni mengi.

Kwani lawama ndiyo sehemu ya pili ya ugonjwa. Aliyevunjika mguu huletewa kiti. Anayeamka mchovu huambiwa ana ajizi, au amezoea kubembelezwa, au amepatwa na husuda, au imani yake imepungua. Mke huambiwa hivyo na mawifi zake, kijana huambiwa hivyo na baba yake, na mtumishi huambiwa hivyo na bwana wake kwa kukatwa ujira. Watu wa dini wangekuwa wa kwanza kuizuia shutuma hiyo, kwa sababu Aya ya Kursi, ambayo watoto wa chuoni huihifadhi kabla ya kujua maana yake, humtakasa Mwenyezi Mungu na kusinzia na kulala mahali pamoja, kisha mwishoni humtakasa na kulemewa na kazi ya kuzihifadhi mbingu na ardhi. Na kama mambo haya mawili yametengwa katika kumtukuza Muumba, basi kiumbe, ambaye ameumbwa na yote mawili, anastahili kuulizwa yote mawili kwa nafasi yake.

Na kuuliza kwenyewe kwahitaji busara. Murray Johns, katika hospitali ya Epworth mjini Melbourne, alitunga mwaka 1991 kipimo cha maswali 8 kitumikacho leo karibu ulimwengu mzima: mtu hujipa alama kutoka 0 mpaka 3 kwa kadiri anavyoelekea kusinzia akiwa anasoma, akitazama televisheni, akiketi kimya mkutanoni, akisafiri garini kwa saa moja bila ya kituo, akijilaza alasiri, akizungumza na mtu, akiketi baada ya chakula cha mchana, na gari linaposimama katika msongamano; jumla ikizidi 10 katika 24, usingizi wake wa mchana umepita kiasi. Ni kipimo kizuri, chepesi na kisicho na gharama. Lakini kimemdhania mtu aketiye. Mama wa Unguja aamkaye kabla ya adhana kuchota maji, akapika, akauza vitumbua, akafua, akapika tena, hana saa hata moja ya mchana ambayo ameketi kimya na kitabu au ndani ya gari; akiulizwa maswali hayo, hata akiambiwa ajikisie, atajibu kwamba hasinzii, na alama zake zitakuwa chache kama za mtu aliyeshiba usingizi, kwa sababu tu hajapata kupewa nafasi ya kusinzia. Yeye aulizwe mengine: akiwa amekaa mkekani msibani, hitima ikisomwa, hupitiwa? Akingoja zamu yake kwenye benchi la zahanati, kichwa huegemea ukuta? Akimnyonyesha mtoto, nani hutangulia kulala? Na mwenye kulala naye chumba kimoja aulizwe habari za mkoromo, kwa faragha, bila ya kicheko. Akijibu kwamba katika yote hayo macho yake hubaki makavu, ila mikono haimtii na asubuhi haimpi kitu, basi jawabu lake liandikwe kama alivyolitoa, na aangaliwe damu yake kabla ya kuambiwa akalale.